Dawa ipelekwe pale pale panapoziba, sio izungushwe mwili mzima

Nafanya kazi kliniki ya dayalisisi, yani ya kusafisha damu kwa mashine, hapa Salt Lake City, Utah, na kitu kinachonikaa moyoni kuliko vyote kwenye hii kazi sio figo zenyewe wala mashine, ni mkono wa mgonjwa. Yani ule mlango wa kutolea na kurudishia damu. Watu wakisikia fulani anasafishwa damu wanawaza mashine tu, lakini mashine ikiharibika inaletwa nyingine kabla ya shifti ya mchana, mshipa wa mtu ukiharibika hauletewi mwingine. Na kila mtu ana sehemu chache tu mwilini za kuweka huo mlango, ukianza kifundo cha mkono unapanda kiwiko, unapanda juu ya mkono, unahamia mkono wa pili, na kuna siku daktari anamwambia mgonjwa mikono imeisha tuangalie paja.

Leo nataka niongelee kuziba kwa grafti, yani mrija wa plastiki unaowekwa chini ya ngozi kama mlango huo, na wazo moja ambalo limenishika miaka sasa, la kuweka dawa pale pale panapoziba. Ntaandika mengi kidogo manake wagonjwa wangu wanaoongea Kiswahili, na huku wapo, wengi wametoka Kongo wakapitia kambi za Tanzania na Burundi, hawapati mahali pa kusoma haya mambo kwa lugha yao.

Kwa ambaye hajui, mashine inataka damu nyingi na kwa haraka. Hapa kwetu tunavuta kama mililita 400 kwa dakika, masaa matatu na nusu mpaka manne, mara tatu kwa wiki, kwa sindano mbili nene. Ule mshipa wa kutolea damu ya kipimo hauwezi kabisa. Mwaka 1960 daktari Belding Scribner wa Seattle alipata njia ya kuacha mirija ya Teflon mkononi muda wote, mmoja kwenye ateri (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni) mmoja kwenye vena (mshipa unaorudisha damu moyoni), na mgonjwa wake wa kwanza Clyde Shields akaishi miaka 11 zaidi, wakati kabla ya hapo mtu ambaye figo zake zimekufa moja kwa moja alikuwa hana njia. Halafu mwaka 1966 madaktari wanne wa hospitali ya maveterani (wanajeshi wastaafu) kule Bronx, New York, Brescia, Cimino, Appel na Hurwich, wakatangaza kitu kizuri zaidi, unaunganisha ateri na vena chini ya ngozi bila mrija wowote, vena inapigwa na damu yenye nguvu inavimba inakuwa ngumu, unachoma sindano humo. Hiyo ndo fistula, ya mkononi, sio ile ya uzazi. Mpaka leo hakuna kilichoipiku.

Ila kuna watu vena zao nyembamba mno, au zimechokozwa na sindano za hospitali miaka na miaka, hasa wazee na wenye kisukari, fistula kwao haikomai hata usubiri vipi. Hao ndo wanawekewa grafti. Ni mrija laini wa upana wa milimita 6 hivi, unapitishwa chini ya ngozi, upande mmoja unashonwa kwenye ateri, upande wa pili kwenye vena. Umetengenezwa kwa PTFE, ile ile Teflon ya vikaango, ila imevutwa ikawa na vitundu vidogo sana. Raha ya grafti ni kwamba baada ya wiki mbili hivi unaichoma, zingine za kisasa hata ndani ya siku moja mpaka tatu, wakati fistula unaisubiri kwa miezi. Shida yake inaziba.

Na haizibi ovyo ovyo popote, hapa ndo naomba tuelewane vizuri. Mara nyingi sana inaziba pale mrija unapokutana na vena na kipande kidogo cha vena kinachofuata, sentimita chache tu. Vena imezoea damu ya taratibu yenye presha ndogo, ghafla inaletewa damu ya ateri inakuja kwa kasi inazunguka inagonga kuta, mrija wenyewe mgumu vena laini haviendi pamoja, halafu kuna jeraha la kushonwa, halafu mwili unaona plastiki unatuma askari wake wa kinga, na mgonjwa wa figo tayari damu yake ina sumu zinazochochea uvimbe. Bas, seli za misuli laini za ukuta wa vena zinaamka, zinahama kutoka kwenye tabaka lao kwenda ndani, zinazaana, zinaweka nyama ya kovu, njia inakuwa nyembamba wiki hadi wiki. Damu ikipungua kasi inaganda. Mgonjwa anaamka asubuhi anagusa mkono, kimya.

Sisi kabla ya kuchoma tunagusa kwanza tusikie mtetemo, tunaweka na stetoskopu tusikie mvumo. Kuna mama mmoja wa Kikongo kila akikaa kwenye kiti ananyoosha mkono ananambia "mutoto wangu, angalia kama iko inaimba". Ikiwa inavuma vizuri mfululizo tunaendelea, ikiwa inapiga kwa kukatakata kama mapigo ya moyo tu, au mkono umevimba, au presha ya kurudisha damu kwenye mashine inapanda kila wiki, au baada ya kutoa sindano damu inachukua muda mrefu kukata, tunajua pale mbele kuna kitu kinabana. Tunapima na mtiririko pia, grafti ikishuka chini ya mililita 600 kwa dakika anapelekwa kuangaliwa.

Akipelekwa huko wanampanua kwa puto. Waya unapita ndani, puto linajazwa pale palipobana, njia inafunguka, mtu anarudi siku hiyo hiyo kwenye mashine anasema asante Mungu. Lakini puto linapanua kwa kupasua ukuta wa mshipa, na ukuta uliopasuliwa unafanya kile kile ulichofanya mwanzo, unaota kovu tena. Kuna utafiti wa Haskal na wenzake uliotoka 2010, wagonjwa 190 wote wa grafti, waliopanuliwa kwa puto peke yake ni 23% tu ambao pale mahali palikuwa bado pako wazi baada ya miezi sita. Waliowekewa na stenti, kijibomba cha waya cha kushikilia njia wazi, iliyovalishwa PTFE walikuwa 51%. Ni maendeleo makubwa na stenti hizo zinatumika sana sasa, lakini soma upande wa pili wa hiyo namba, nusu ya watu ndani ya nusu mwaka wamesharudi. Hiyo ni kazi inayokosekana, usafiri, dayalisisi iliyorukwa, maji kujaa mwilini, katheta (mrija) ya shingoni ya dharura, na katheta ndo inayoleta maambukizi ya damu.

Sasa mtu wa kawaida atauliza, si apewe vidonge? Wameshajaribu. Utafiti mkubwa kabisa ulichapishwa 2009, watu 649 wenye grafti mpya, nusu wakapewa dipiridamoli pamoja na aspirini ya dozi ndogo, dawa za kupunguza kuganda kwa damu, nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa na grafti ambayo haijawahi kuguswa na daktari walikuwa 23% kwa wasiopewa dawa na 28% kwa waliopewa. Ilisaidia, sikatai, kitakwimu ilikuwa kweli, ila asilimia tano! Wakajaribu klopidogreli, dawa nyingine ya aina hiyo, na aspirini, ikabidi wasimamishe sababu watu walikuwa wanatoka damu. Na mgonjwa wa dayalisisi tayari tunampa hepari, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwenye mashine, chembe zake za kugandisha damu hazifanyi kazi sawasawa, ukimuongezea vidonge vya kuzuia damu kuganda unacheza na tumbo lake na ubongo wake.

Na ukifikiria, kidonge anachomeza kinaenda ini, utumbo, ubongo, mifupa, kila mahali, ili tone dogo tu lifike kwenye sentimita tatu za vena. Ni kumwagilia shamba zima wakati mche mmoja ndo umenyauka. Dozi inayotosha pale kwenye mshono ingemuumiza mtu mzima wote, dozi ambayo mtu mzima anaivumilia haitoshi pale kwenye mshono. Ndo maana hili wazo la dawa kuwekwa pale pale nalipenda, sio kwa sababu ni la kisasa, ni kwa sababu ugonjwa wenyewe umekaa sehemu moja, tunajua sehemu ipi, na daktari wa upasuaji siku ile anashona anaishika kwa mikono yake.

Ugumu ni kwamba ndani ya grafti damu inapita zaidi ya nusu lita, mara nyingi lita nzima na zaidi, kila dakika. Ukipaka dawa ndani inaoshwa. Kwa hiyo watafiti wengi wakageukia nje, dawa izungushiwe mshipa kwa nje, ipenye ukuta kidogo kidogo kwenda ndani, na seli zinazoleta kovu nyingi zinatokea huko huko nje na kwenye tabaka la kati, kwa hiyo dawa inakutana nazo njiani.

Hapa hapa Utah, Chuo Kikuu cha Utah, kundi la daktari Alfred Cheung walifanya hiyo kazi miaka mingi. Walitumia jeli moja ya ajabu sana, ikiwa ya baridi ni maji maji unaivuta kwenye sirinji, ukiichoma mwilini ikapata joto inaganda inakuwa jeli inabaki pale ulipoichoma, inayeyuka taratibu kwa wiki kadhaa huku inaachia dawa. Mwaka 2004 walionyesha kwa mbwa waliowekewa grafti kwamba jeli yenye paklitakseli ikiwekwa kuzunguka mshono inapunguza sana ile nyama ya kovu, baadae wakaenda kwa nguruwe na dipiridamoli, ile ile dawa ya vidonge ila sasa inachomwa pembeni ya mshono kwa kuongozwa na ultrasaundi. Hilo la kuchoma ndo linanivutia kuliko yote, manake kovu haliishi siku moja, linaota kwa miezi, na kitu alichokizungushia daktari siku ya upasuaji kikiisha dawa kimeisha, ila jeli unaweza kurudia, mgonjwa anakuja kliniki mara tatu kwa wiki hata hivyo, ungeweza kumchoma nyingine bila kumfungua tena.

Dawa mbili ndo zinarudi rudi kwenye hizi tafiti, paklitakseli na sirolimusi, na zote mbili zina historia. Paklitakseli ilitoka kwenye gome la mti unaota kwenye misitu ya pwani ya Pasifiki hapa Marekani, Monroe Wall na Mansukh Wani wakatangaza umbo lake 1971, ni dawa ya saratani, inakamata zile nyuzi ambazo seli inazitumia kujigawa, seli inakwama. Sirolimusi ilitoka kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, kuna bakteria humo, na cha kushangaza ni dawa ambayo waliopandikizwa figo wanaimeza ili mwili usiikatae figo mpya, iliruhusiwa Marekani kwa kazi hiyo 1999. Baadae wakaipaka kwenye stenti za moyo, 2003 ya kwanza ikaruhusiwa hapa, na kwenye moyo ilifanya kazi kubwa sana. Kwa hiyo mtu akikwambia kuweka dawa mahali pamoja kwenye mshipa ni ndoto, mwambie watu wa moyo wanaishi nayo zaidi ya miaka 20.

Kwa binadamu wenye grafti matokeo ndo yanaumiza kichwa. Kulikuwa na karatasi laini ya kolajeni yenye sirolimusi inazungushwa pale kwenye mshono wa vena, matokeo yake yakachapishwa 2012, wagonjwa 12 tu, baada ya mwaka 76% grafti zao zilikuwa hazijahitaji kuguswa, baada ya miaka miwili 38%. Ukiweka pembeni ya zile 23% na 28% za vidonge moyo unaruka, ila watu 12 ni wachache mno na hakukuwa na kundi la kulinganisha. Kampuni ya Angiotech ya Kanada nayo ilikuwa na kitambaa chenye paklitakseli kikishonwa pamoja na grafti, hilo jaribio likasimamishwa kwa sababu maambukizi hayakuwa sawa kati ya makundi mawili. Na hapo ndo penyewe hasa, dawa inayozuia seli kuzaana inazuia pia kidonda kupona, na mshono mpya wenye plastiki mpya unahitaji kupona haraka kuliko kitu kingine chochote. Ukizidisha dozi ukuta wa vena unakuwa mwembamba, ukipunguza kovu linashinda.

Wengine wakaacha hizo dawa kali wakaenda njia tofauti. Wapo walioweka seli hai za ukuta wa ndani wa mshipa kwenye sponji ya jelatini wakaizungushia mshono, ili zile seli zenyewe zitoe kemikali za kutuliza, wazo zuri mno. Wapo waliodondoshea vena kimeng'enya kinachokata nyuzi za kuvutika za ukuta wake, dakika 10 tu wakati wa upasuaji, hiyo ilikuwa kwa fistula, jaribio la mwisho lilikosa lengo lake 2019.

Puto lenye dawa ndo limefika mbali. Linapakwa paklitakseli, likipanuka linaibandika ukutani. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa watu 330, baada ya miezi sita 82% ya waliopata puto lenye dawa palikuwa bado wazi dhidi ya karibu 60% kwa puto la kawaida. Mwaka uliofuata Waingereza wakatoa wa kwao, watu 212, hakuna tofauti. Wote hao fistula! Ndo malalamiko yangu makubwa haya, grafti ambayo inaziba sana kuliko fistula inaachwa nyuma, mtu mwenye grafti anapewa matumaini ya mkono wa mtu mwingine. Katikati hapo kulikuwa na hofu nyingine, mwishoni mwa 2018 watafiti walikusanya tafiti za mishipa ya miguu wakasema waliopata vifaa vyenye paklitakseli wanakufa zaidi baada ya miaka kadhaa, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, wakatoa onyo, kila mtu akaogopa, mpaka 2023 wakasema data zote zikiangaliwa hazionyeshi hiyo hatari. Miaka minne na zaidi ya woga, na kwa mgonjwa wa dayalisisi miaka minne ni mingi sana.

Mi naamini jeli au karatasi ya nje bado ndo njia ya grafti. Puto linakuja baada ya kuziba na linajeruhi kwanza ndo liponye, wakati kitu cha nje kinaanza kazi siku ya kwanza kabla kovu halijaota. Kinachotakiwa ni dozi ndogo mwanzo kidonda kipone, halafu kubwa zaidi wiki zinazofuata, na hapo ndo jeli ya kurudia inashinda kila kitu kingine nilichosoma. Ila jaribio kama hilo linataka mamia ya watu wenye grafti, mwaka au miwili, na wagonjwa hawa wanaumwa vitu vingi, wengine wanapata figo wanaondoka, wengine wanafariki kwa moyo, na kampuni inahesabu inaona stenti ya moyo ina soko kubwa zaidi. Nasema tu nilivyoona, hela inafuata kwenye moyo.

Nyumbani hali ni tofauti kidogo. Wengi Tanzania na Kenya wanaanza na katheta ya shingoni na wengine wanakaa nayo muda mrefu sana, grafti ni ghali na madaktari wa kuiweka wako hospitali kubwa. Hata hapa Marekani karibu 80% wanaanza na katheta, kwa hiyo sio kwamba huku tumefika. Lakini kuna jambo halihitaji hela wala utafiti, ukishaambiwa figo zako zinashuka, hata kama dayalisisi bado mbali, usikubali kila mtu achome mkono ambao hauutumii kuandikia. Waambie wachukue damu nyuma ya kiganja, na dripu iwekwe huko huko, na mtu akitaka kukuwekea ile laini ndefu ya kupitia mkononi uliza kwanza daktari wa figo. Vena iliyojaa makovu ya sindano haikomai kuwa fistula, na hapo ndo grafti inapoingia na haya yote niliyoandika yanaanza.

Kwa mwenye grafti sasa hivi, iguse kila asubuhi kabla hujatoka kitandani na kila usiku. Mtetemo ukibadilika piga simu kliniki siku hiyo hiyo, usisubiri zamu yako ya dayalisisi, grafti iliyoganda leo kuna uwezekano mkubwa wa kufunguliwa kuliko iliyokaa siku kadhaa. Usiivalie saa wala bangili ya kubana, usilalie huo mkono, presha ipimwe mkono mwingine. Na ukipelekwa kupanuliwa muulize daktari panabana wapi, ni pale kwenye mshono wa vena au kwingine, na kama ni mara ya pili au ya tatu pale pale muulize kuhusu stenti iliyovalishwa na kama kuna utafiti wowote wa dawa ya kuwekwa pale pale unaopokea watu. Wagonjwa wangu wawili watatu walishauliza hivyo, na madaktari wakakaa wakawaeleza vizuri tu.

Mwenye swali aandike hapo chini, hata kama ni la mzazi wako aliyeko Bukavu au Tanga, ntajibu ninachokijua, na kama mtu ana picha ya ripoti ya mtiririko asiweke jina wala namba ya hospitali, namba za mtiririko na presha tu zinanitosha.